Kukosa na Kukosekana: Jinsi Kiini cha Kompyuta Kinavyoamua Juu ya Anwani Batili

I. Shabaha ya makala

Makala hii yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kazi ifanywayo na kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta pale programu inapotaka kusoma au kuandika mahali ambapo haina haki napo katika kumbukumbu. La pili ni kuonyesha ya kuwa lugha yetu ina njia yake yenyewe ya kulitaja jambo hilo, na kwamba tukilitaja kwa jina moja tu "kosa", bila kuliangalia umbo la neno, twaweza kumtia mtu hatiani kwa jambo asilolitenda.

Jambo hili nililiona kwa macho. Katika mwalo mmoja karibu na Mwanza alikuwapo kijana, karani wa mizani. (Kwa wasomaji wa pwani niseme kwamba mwalo ni mahali pa ufukweni ambapo wavuvi wa ziwa hushusha samaki wao, wingi wake ni mialo.) Kila mtumbwi uliporudi, karani aliandika katika kompyuta namba ya mtumbwi na uzito wa sangara waliopatikana. Alfajiri moja mtumbwi ulirudi mtupu. Karani akaandika namba yake, na mahali pa uzito akapaacha wazi, maana hapakuwa na kitu cha kupima. Programu ikasimama papo hapo, na hesabu za usiku ule ambazo zilikuwa hazijahifadhiwa zikapotea. Juu ya kioo yakabaki maneno haya: "Kosa la ukurasa." Tajiri, yaani mwenye mitumbwi, akayasoma, akauliza: "Umeharibu ukurasa gani?" Kijana hakuwa na jibu. Akakatwa ujira wa juma zima.

Siku chache baadaye alikuja kwangu na kompyuta ile mkononi. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Naomba uniambie nimekosa nini." Kwa msaada wa mwenzangu afundishaye elimu ya kompyuta nililifungua daftari la matukio, ambalo kiini huliandika chenyewe, na humo tukauona mstari mmoja wenye jina la programu, anwani sifuri, na namba ya hitilafu 4. Mstari ule ulitosha kumtoa kijana hatiani. Ili msomaji aone ulitosha kwa nini, hapana budi kwanza tueleze kazi ya kiini.

II. Anwani, ukurasa na eneo

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi ambayo peke yake yaruhusiwa kugusa mitambo yote ya kompyuta. Programu nyingine zote hufanya kazi chini ya ulinzi wake. Mifano nitakayoitoa ni ya kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwalo ule ulikuwa ukikitumia hicho, na maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma.

Programu haiioni kumbukumbu halisi ya kompyuta. Huona anwani za dhahania, yaani namba zilizopangwa mfululizo tangu sifuri. Katika kompyuta nyingi za leo za jamii ya Intel na AMD, kila programu hupewa uwanja wa anwani 140,737,488,355,328, ndiyo 2 kwa kipeo cha 47. Hakuna kompyuta ya mezani iliyo na kumbukumbu kubwa kiasi hicho. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya uwanja huo haina kitu.

Uwanja hukatwa katika vipande vilivyo sawa viitwavyo kurasa, na ukurasa mmoja kwa kawaida una baiti 4,096. Yako madaftari mawili, na ni lazima msomaji ayatenge, kwa kuwa maelezo yote yanayofuata yategemea tofauti yao.

Daftari la kwanza ni jedwali la kurasa. Hili husomwa na prosesa yenyewe, na laonyesha kila ukurasa wa dhahania uko wapi hivi sasa katika kumbukumbu halisi, na kama waweza kusomwa au kuandikwa. Daftari la pili ni orodha ya maeneo. Prosesa hailijui hilo kabisa. Ni mali ya kiini. Humo kila programu imeandikiwa maeneo yake: kila eneo laanzia wapi, laishia wapi, laruhusu nini, na yaliyomo yatoka wapi, kama ni katika faili au ni nafasi tupu.

Mtu wa Mwanza atalielewa jambo hili kwa mfano wa viwanja. Katika ofisi ya ardhi mna ramani ionyeshayo kwamba kiwanja fulani huko Nyegezi kimepimwa na kimepewa mtu. Mgeni aendaye huko asione nyumba hana haki ya kusema kwamba kiwanja hakipo. Nyumba haijajengwa tu. Lakini akitaja namba ambayo haimo katika ramani, jambo ni jingine. Orodha ya maeneo ni kama ramani ya ofisini. Jedwali la kurasa ni kama nyumba zilizokwisha kujengwa. Prosesa yaona nyumba tu, ramani haioni.

III. Asili ya jambo hili

Mashine ya kwanza iliyotumia kurasa kwa njia hii ni Atlas, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Manchester pamoja na kampuni ya Ferranti, na kuzinduliwa Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya mbele ilikuwa na maneno 16,384, na nyuma yake palikuwa na ngoma ya sumaku yenye maneno 98,304. Mwandishi wa programu aliziona zote mbili kama kitu kimoja. Kurasa, ambazo wakati ule zilikuwa za maneno 512 kila mmoja, zililetwa mbele au kurudishwa kwenye ngoma bila yeye kujishughulisha.

Katika Atlas palikuwa na rejista 32, moja kwa kila ukurasa uliokuwa mbele. Programu ilipotaja anwani, namba ya ukurasa ililinganishwa na rejista zote kwa mara moja. Kama haikulingana na hata moja, kazi ilikatizwa ili ukurasa uletwe kutoka kwenye ngoma. Watu wa Manchester waliliita tukio hilo katizo la kutolingana. Jina lenyewe halimtaji mkosaji wala halidai kwamba liko kosa. Lasema tu kwamba namba hii na zile hazikulingana. Ni baadaye ndipo desturi ya Kiingereza ilipolifanya liwe "page fault", na neno hilo la pili ndilo chanzo cha matatizo ya kijana wa mwaloni.

IV. Hukumu ya kiini

Sasa na tuifuate safari yenyewe. Programu yataja anwani. Prosesa yatazama jedwali la kurasa. Ikikuta ukurasa upo na ruhusa inatosha, kazi yaendelea, wala kiini hakipati habari. Ikikuta ukurasa haupo, au ruhusa haitoshi, prosesa husimamisha amri ile katikati, huiandika anwani iliyotakiwa katika rejista iitwayo CR2, hutoa namba ya kueleza hali ilivyokuwa, kisha hukikabidhi kiini mambo yote.

Namba ile ni jumla ya majibu ya maswali. Je, ukurasa ulikuwapo? Kama ndiyo, ongeza 1. Je, programu ilitaka kuandika? Kama ndiyo, ongeza 2. Je, aliyetaka ni programu ya kawaida, wala si kiini? Kama ndiyo, ongeza 4. Yako na maswali mengine, lakini haya matatu yatosha hapa. Basi namba 4 katika mstari wa mwaloni yasema: programu ya kawaida ilitaka kusoma, na ukurasa haukuwapo. Namba 6 ingesema kwamba ilitaka kuandika pasipo ukurasa; namba 7, kwamba ilitaka kuandika juu ya ukurasa uliopo lakini uliozuiwa.

Mpaka hapa hakuna aliyekosea. Prosesa imesema tu, "Sikuona." Kiini ndicho kiulizacho maswali ya haki, nayo ni haya.

Swali la kwanza: anwani ni ya upande gani? Uwanja umegawanyika, upande mmoja ni wa programu, na mwingine ni wa kiini. Programu ya kawaida ikigusa upande wa kiini, hukumu hutolewa mara moja.

Swali la pili: je, anwani imo ndani ya eneo lolote lililoandikwa? Kiini hutafuta katika orodha ya maeneo ya programu ile. Utafutaji huu sharti uwe wa haraka sana, kwa kuwa hufanyika mara nyingi mno; kwa ajili hiyo orodha hupangwa kwa mfano wa mti wenye matawi, na mpango huo ulibadilishwa kwa mwingine ulio bora katika toleo la 6.1 la Desemba 2022.

Swali la tatu huulizwa pale tu anwani isipokuwamo, nalo ni la huruma: je, anwani iko chini kidogo ya rundo la programu? Rundo ni eneo ambalo programu huweka mambo yake ya muda, nalo hukua kuelekea chini. Programu haiombi ruhusa kila linapokua; hugusa tu, na kiini hulipanua eneo. Walakini kupanuliwa huku kuna mpaka. Kati ya rundo na eneo lililo chini yake hubakizwa nafasi ya ulinzi ambayo hakuna aruhusiwaye kuikalia. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ukurasa mmoja tu. Mwaka 2017 ilidhihirika kwamba mtu mwenye nia mbaya aweza kuiruka, na tangu hapo ikafanywa kurasa 256, yaani baiti 1,048,576. Sisi wa kando ya ziwa twaijua hekima hiyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ardhi ipo na yaonekana, lakini imeachwa wazi makusudi, ili ziwa likijaa lisikute nyumba ya mtu.

Swali la nne: kama anwani imo katika eneo, je, eneo laruhusu jambo lililotakiwa? Lipo eneo la kusomwa tu, lipo la kuandikwa, lipo la kutekelezwa. Kuandika katika eneo la kusomwa tu ni hatia hata kama ukurasa upo mbele ya macho.

Maswali haya yakijibiwa kwa heri, kiini hujua kwamba programu haikufanya ubaya wowote. Ukurasa ulikosekana, basi. Yawezekana haujawahi kutumika, na kiini hutoa ukurasa mpya uliojazwa sifuri. Yawezekana uko katika faili, na kiini huuleta. Yawezekana ulihamishiwa diskini kwa uhaba wa nafasi, na kiini huurudisha. Yawezekana tena programu mbili zilikuwa zikishiriki nakala moja, na sasa moja yataka kuandika. Kiini huitengenezea nakala yake peke yake. Kisha amri ile ile iliyosimamishwa huanzwa tena, na programu haijui kamwe kwamba ilisimama. Matukio ya namna hii hutokea kila mara kompyuta ifanyapo kazi. Kuyaita yote "makosa" ni sawa na kumwita mkosaji kila abishaye hodi.

Yakijibiwa vibaya, kiini hupeleka ishara namba 11 kwa programu. Hapa wataalamu wa lugha na watazame kwa makini, maana ishara hiyo huenda na namba ndogo ya kuieleza. Namba 1 yasema anwani haimo katika eneo lolote. Namba 2 yasema anwani imo, ila ruhusa haikuwapo. Kiini chenyewe, ambacho hakina lugha, chatenga kati ya kutokuwapo na kutoruhusiwa. Programu ikiwa imejiandalia njia ya kuipokea ishara, yaweza kujitengeneza. Mashine ya Java, mathalan, huitumia ishara hii makusudi ili kutambua marejeo yaliyo matupu. Isipokuwa na njia hiyo, husimamishwa.

Iko hali moja zaidi. Eneo laweza kuwa halali, limeandikwa na limeruhusiwa, lakini faili ambalo eneo hilo lalitegemea limekatwa na programu nyingine, na ukurasa uliotakiwa haupo tena popote. Hapo katika kompyuta hizi kiini hutuma ishara namba 7 badala ya 11. Anwani haikuwa batili. Mali yenyewe ndiyo iliyotoweka.

V. Kiini kinapokuwa matatani chenyewe

Msomaji atauliza: je, kiini nacho hakitaji anwani isiyokuwapo? Hutaja, na mara nyingi kwa kutumwa. Programu hukiambia kiini, "Chukua maneno yaliyo katika anwani hii uyaandike diskini." Anwani hiyo yaweza kuwa ya uongo, na kiini kikiigusa ndicho kitakachosimamishwa na prosesa.

Yaonekana jibu jepesi ni kiini kuipeleleza kila anwani kwanza. Njia hiyo haifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gharama: anwani nyingi sana ni nzuri, na kuzipeleleza zote ni kuwachelewesha wema kwa ajili ya wabaya wachache. Ya pili ina uzito zaidi: ukweli waweza kubadilika kati ya kupeleleza na kutumia, kwa kuwa mkondo mwingine wa programu ile ile waweza kuliondoa eneo katika nukta hiyo. Kwa hiyo kiini huhakikisha tu kwamba anwani ni ya upande wa programu, kisha huigusa.

Ili kisiangamie, kiini hubeba orodha ya amri zake zote zijulikanazo kuwa zaweza kukwama, na kando ya kila moja mahali pa kuendelea iwapo itakwama. Mimi napendekeza orodha hii iitwe jedwali la udhuru. Kiini kikikwama, na hukumu ya sehemu ya IV ikawa mbaya, hutazama jedwali hilo. Amri ikiwamo, hufuata njia iliyoandikwa na kuirudishia programu jibu namba 14, lenye maana ya anwani mbaya. Isipokuwamo, basi kiini chenyewe ndicho mkosaji. Huandika habari za msiba katika daftari la matukio na kuiua kazi iliyokuwa ikiendelea. Na kama hali ni mbaya zaidi, husimamisha kompyuta nzima, maana hakimu aliyepotewa na akili hafai kuendelea kuhukumu.

VI. Mintarafu neno "kosa"

Kitenzi "kukosa" kina maana mbili ambazo wenyeji wa lugha hawazitengi sana. Tukisema "Mvuvi amekosa samaki" au "Nilimkosa nyumbani", hatumlaumu mtu, kitu hakikupatikana. Tukisema "Nimekosa, nisamehe", twakiri hatia. Usemi "Amekosa adabu" wasimama katikati: mtu amepungukiwa na kitu, na kupungukiwa huko ndiko hatia yake. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alizikusanya maana zote mbili pamoja.

Hili si jambo la Kiswahili peke yake. Wajerumani huliita tukio letu "Seitenfehler", na neno lao "Fehler", yaani kosa, lina undugu na kitenzi "fehlen", yaani kukosekana. Wafaransa husema "défaut de page", na "défaut" ni upungufu na ila kwa pamoja. Neno la Kiingereza "fault" nalo lilitoka katika Kifaransa cha kale, na zamani lilikuwa na maana ya upungufu. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo kwa shahada ya udaktari nilidhani mafumbano hayo ni ya bahati tu. Sasa naona kwamba binadamu wa lugha nyingi hutoka kwenye "hakipo" hadi "ni vibaya" kwa hatua moja, na kwamba kazi ya kiini katika sehemu ya IV si nyingine ila kuirudisha hatua hiyo nyuma na kuuliza: je, hakipo tu, au ni vibaya?

Ambapo Kiswahili kinazishinda lugha hizo ni katika mnyambuliko. Shina lina maana mbili, lakini viambishi huzitenga:

"Kosekana" lahusu upungufu tu. "Chumvi imekosekana" haimlaumu mtu.

"Kosea" lahusu utendaji usio sawa: "amekosea njia", "amenikosea".

"Ukosefu" ni hali ya upungufu, na "mkosaji" ni mtenda hatia.

Jina tupu "kosa", kinyume chake, limepoteza habari zote mbili. Halisemi kama kitu kilikosekana au kilikosewa, na zaidi ya hayo halisemi nani alikosea. Hapa ndipo kiambishi cha nafsi kinapokuwa na thamani. "Umekosea" ni neno la kumwambia mtu. "Imekosea" laelekea programu, wala hapana awezaye kulisoma kama shutuma juu ya karani. Maneno "Kosa la ukurasa" hayana kiambishi cha nafsi. Mwenye mamlaka ndiye aliyekijaza mwenyewe, akamjaza kijana.

Yatupasa pia kulipima neno "hitilafu", ambalo wengi hulipenda. Asili yake ya Kiarabu ni tofauti au kutopatana, na kwa hiyo lafanana ajabu na katizo la kutolingana la Atlas. Lakini katika matumizi ya leo, kama katika "hitilafu ya umeme", laleta picha ya mtambo ulioharibika. Na katika tukio letu la kawaida hakuna kilichoharibika. Lafaa kwa ile namba ya prosesa, kwa sababu namba hiyo ni ya kueleza tofauti tu. Halifai kwa jina la tukio zima.

VII. Istilahi zinazopendekezwa

Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilipewa Kamati ya Lugha mwaka 1930, na tangu mwaka 1967 Tanzania imekuwa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika kompyuta, Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 ilionyesha kwamba maneno ya juu ya kioo yaweza kuwa ya Kiswahili safi. Lakini tumebaki juu ya kioo. Maelezo rasmi ya kiini cha Linux yamekwisha kutafsiriwa, kwa sehemu, katika Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Ili Kiswahili nacho kiingie humo, naleta maneno haya mbele ya wasomaji:

1. Ukosekanaji wa ukurasa: tukio la jumla, kabla ya hukumu, la prosesa kutoupata ukurasa.

2. Ukosefu wa ruhusa: tukio la ukurasa kuwapo lakini jambo lililotakiwa lisiruhusiwe na jedwali la kurasa. Nalo bado si hatia. Kumbuka nakala inayoshirikiwa.

3. Anwani isiyogawiwa: anwani isiyomo katika eneo lolote.

4. Anwani isiyoruhusiwa: anwani iliyomo katika eneo lisiloruhusu jambo lililotakiwa.

5. Anwani batili: jina la kuzikusanya hizo mbili. Naonya kwamba katika sheria "batili" ni kitu kilichofanyika kwa umbo bila nguvu, kama mkataba batili. Kwa hiyo lisitumike mahali ambapo jina mahsusi la 3 au la 4 lajulikana.

6. Ukoseaji wa anwani: hukumu ya kiini kwamba programu imetaja anwani batili.

7. Nafasi ya ulinzi: kurasa ziachwazo wazi chini ya rundo.

8. Jedwali la udhuru: kama lilivyoelezwa katika sehemu ya V.

Jina la Kiingereza la ishara namba 11 lataja usehemuzi, yaani mpango wa zamani wa kuigawa kumbukumbu kwa sehemu zisizo sawa. Mpango huo umekwisha kuachwa katika kompyuta nyingi, na jina limebaki. Sisi hatulazimiki kuurithi mzoga wa neno. Ujumbe wa kumwonyesha mtu na uwe: "Programu imekosea anwani ya kumbukumbu, nayo imesimamishwa." Mtenda yupo, tendo lipo, na aliyeketi mbele ya kioo hakutajwa.

VIII. Mwisho

Turudi kwenye mstari wa mwaloni. Anwani ilikuwa sifuri. Kwa kawaida anwani 65,536 za mwanzo hazigawiwi programu za watu, ili programu ikishika rejeo tupu, ikadhani limejaa, inaswe mara moja. Mwandishi wa programu hakufikiri kwamba mtumbwi waweza kurudi bila samaki. Programu ilipotafuta uzito haikuupata. Badala ya kuuliza, ikalifuata rejeo tupu mpaka anwani sifuri, na kiini kikaisimamisha. Uzito ulikosekana, programu ilikosea, kijana hakufanya lolote. Kwamba hesabu za usiku zilipotea pia ni lawama ya programu, iliyozikusanya bila kuzihifadhi.

Niliyaandika hayo kwa ukurasa mmoja, kwa maneno ya sehemu ya VII, kijana akampelekea tajiri wake. Tajiri aliusoma mbele yake, akauliza maswali mawili, akamrudishia ujira wake. Mwandishi wa programu naye aliirekebisha, na sasa mahali pa uzito pakiachwa wazi programu huuliza kwanza.

Maneno niliyoyapendekeza si amri. "Ukoseaji" hasa laweza kuyachosha masikio ya baadhi ya watu, na pengine wako wavuvi wa Ukerewe, wa Sengerema au wa Musoma walio na neno zuri zaidi la kutenga mtumbwi uliorudi mtupu na nahodha aliyepotea njia. Nawaomba wasomaji wa jarida hili walete maneno yao na hoja zao, ili ujumbe ujao utakaoandikwa juu ya kioo cha karani mwingine umtaje mkosaji aliye wa kweli.